Gari la foleni: niliyoyaangalia nikimtafutia mdogo wangu Vitz au IST

Kila dalali niliyempigia simu aliniuliza swali lilelile, tena kabla hatujamaliza salamu: "Dada, unataka namba gani, D au E?" Nikimjibu kwamba namba hainisumbui, nataka gari lenye gia boksi nzima na feni inayowaka kwa wakati wake, alisema sawa, kisha akanitumia picha za namba E.

Herufi hiyo, ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye namba ya gari, inakuambia gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania, basi. IST iliyotengenezwa 2004 inaweza kuwa na namba E kwa sababu imekaa Japani miaka yote hiyo, na nyingine ya mwaka uleule ikawa na namba B kwa sababu ilifika mapema. Ipi nzima zaidi? Herufi haijui. Lakini bei ya mjini inapangwa kwa herufi, na watu wanalipa mamilioni ya ziada kwa ajili yake.

Nieleze kwanza gari lenyewe ni la nani. Mdogo wangu ni nesi. Anakaa Kimara, kazi yake iko Temeke, na zamu za usiku zinamfanya apite Barabara ya Mandela saa ambazo mtu mwingine yuko kitandani. Bodaboda saa tano usiku katikati ya malori ya bandarini ni jambo ambalo lilikuwa linaninyima usingizi, na sijali nani ananiona mwoga. Akiba yake pamoja na mkopo wa kikoba ilitupa milioni 10 za gari, na juu yake milioni moja na nusu tuliyoapa kutoigusa mpaka siku ya fundi na makaratasi. Ukitumia fedha yote kwenye kununua, umenunua gari ambalo huna uwezo wa kuliweka sawa.

Kwa milioni 10 kuagiza Japani hakukuwa na maana kwetu. Magari madogo tunayoyaweza yana zaidi ya miaka kumi, na gari la umri huo linatozwa ushuru wa uchakavu wa 30%, ukiacha ushuru wa forodha na VAT ya 18%. Kodi inaikaribia bei ya gari lenyewe, mara nyingine inaipita. Kwa hiyo tukasema tunatafuta la mkononi, lililokwisha kutembea hapahapa. Orodha ikawa fupi, zote Toyota ndogo: Vitz ya kizazi cha pili, ile iliyotoka 2005 hadi 2010, IST ya kizazi cha kwanza, ya 2002 hadi 2007, na Passo ikitokea nzuri.

Marehemu baba alikuwa fundi umeme wa magari mtaa wa Gerezani hapa Dar, na mimi nimekulia kwenye benchi la gereji yake nikishika tochi. Yeye alikuwa hasomi kilomita. Alikuwa anasema gari la Dar linazeeka kwa saa. Nimeipigia hesabu kauli hiyo nikiwa mtu mzima, na ni kweli tupu. Gari lililotembea kilomita 80,000 kwa mwendo wa 80 kwa saa limewaka kwa saa 1,000. Lililotembea kilomita hizohizo kwenye foleni, kwa wastani wa 16 kwa saa, limewaka kwa saa 5,000. Mita inaonyesha namba moja, lakini feni, kompresa ya AC, maunti (raba zinazoshikilia injini), gia boksi na oili vimefanya kazi mara tano. Na hapo bado hatujagusa suala la mita kurudishwa nyuma, kazi ambayo mjini hapa inafanyika mchana kweupe. Ndiyo maana kwa gari la mjini mimi naanza na vitu ambavyo foleni inavila, halafu ndipo nifike kwingine.

Gari la kwanza tulilolienda kuliona lilikuwa Vitz, Tabata. Rangi nyeusi inang'aa, viti safi, namba E, kilomita elfu 70 na kidogo. Ilikuwa KSP90, yaani ile ya injini ndogo ya cc 996 yenye silinda tatu. Nilikuwa nimemwomba muuzaji kwa simu asiiwashe kabla hatujafika. Nilipoweka kiganja kwenye boneti ilikuwa ya moto.

"Kaka, umeliwasha?"

"Nilikuwa nalisogeza tu, dada, lisikae juani."

Labda kweli. Lakini injini ya baridi ndiyo inayosema: moshi wa asubuhi, mlio wa cheni kabla oili haijapanda, gari linalotetemeka mpaka lipate joto. Ukiwashiwa kabla hujafika, yote hayo yamefichwa. Tukamwambia tutakaa tusubiri lipoe, tukanywa soda, akakubali kwa shingo upande.

Wakati tunasubiri nikafungua boneti. Kwenye magari haya kuna kibati chenye jina la modeli, namba ya chesisi na msimbo wa rangi ya kiwandani. Kwa Toyota 209 ni nyeusi na 040 ni nyeupe. Kibati cha Vitz ile kilisema 040. Gari lililozaliwa jeupe lilikuwa limesimama mbele yetu jeusi. Kubadili rangi si kosa, mtu ana haki ya kupenda nyeusi, ila mabadiliko hayo yanatakiwa kuonekana kwenye kadi, na pia nataka kujua kilichoko chini ya rangi mpya. Nikagonga milango kwa kifundo cha kidole. Mlango wa nyuma kushoto ulitoa sauti nzito isiyofanana na mingine, hiyo ni puti, ile ya kujazia bati lililobonyea. Vioo navyo vinasema: kioo cha mlango huo kilikuwa na chapa tofauti na vingine vyote. Gari liligongwa ubavuni, likanyooshwa, likapakwa. Aliyeliandikia tangazo alisema halijawahi kupata ajali.

Hata hivyo tulilijaribu, kwa sababu ajali ndogo ya mlangoni si mwisho wa gari. Kilichonifanya niache ni taa ya bluu. Vitz ya kizazi hiki haina mshale wa joto. Ina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi na kuzimika ikipata joto lake, na nyekundu ikizidi. Tulitoka Tabata mpaka Ubungo, tukakaa foleni, na tulipopata barabara nyeupe kidogo ile taa ya bluu ikarudi. Mara nyingi maana yake ni kwamba thamostati, kile kivalvu kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, imetolewa au imekwama wazi. Ni tabia ya gereji zetu. Gari likichemsha, fundi anang'oa thamostati ili maji yazunguke muda wote, mteja anaondoka ameridhika. Injini haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta kana kwamba ni asubuhi, oili inachafuka haraka, wese linaisha. Kubwa zaidi, ni nadra mtu kung'oa thamostati kwenye gari ambalo halijawahi kuchemsha. Na injini ndogo ya aluminiamu ikichemsha vibaya mara moja, silinda hedi inaweza kupinda. Nilimshukuru muuzaji tukaondoka.

Ya pili sitaisimulia kirefu. Ilikuwa Passo nzuri ya kuangalia, bei chini ya soko kwa milioni nzima, na bei ya namna hiyo ina sababu. Dar ya Aprili inajulikana: Bonde la Msimbazi likijaa, Jangwani na Kigogo magari yanalala ndani ya maji. Njia ya kulitambua gari lililozama ni rahisi na haihitaji fundi. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake kabisa, ule mwisho ambao hakuna anayeuvuta wakati wa kuosha. Mkanda wa Passo ile ulikuwa na mstari wa tope. Tukainua zulia la buti penye tairi la akiba: mchanga mwembamba na boliti zenye kutu. Gari lililozama linaweza kutembea vizuri miezi kadhaa, kisha waya mmoja baada ya mwingine unaanza kuoza ndani ya plagi zake, na hakuna fundi umeme atakayekumalizia kazi hiyo. Baba alikuwa anayakataa magari hayo hata mwenye gari akija na fedha mkononi.

Hapa niseme msimamo wangu kuhusu ukubwa wa injini, maana ndugu wengi walitusukuma kwenye cc 1000 kwa ajili ya mafuta. Kama unaishi Ilala, Kariakoo, Temeke, kule kwenye tambarare, injini ya cc 1000 inakutosha na utaifurahia. Lakini anayekaa Kimara, Goba au Mbezi ana vilima. Vitz ya silinda tatu ina nguvu farasi 71. IST ya cc 1300 ina 87. Weka watu wanne, washa AC, panda kwenda Bonyokwa baada ya mvua, utaona ile ndogo inavyokanyagwa mpaka mwisho, na injini inayokanyagwa hivyo kila siku haikupi tena ile nafuu ya mafuta uliyoinunulia. Kwenye foleni tofauti yenyewe ni ndogo kwa sababu muda mwingi mmesimama. EWURA ikitangaza bei mpya za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kinachokuumiza ni saa za kusimama kuliko zile cc 300.

Jambo la pili la msimamo ni gia boksi. IST ya kizazi cha kwanza, ile ya msimbo NCP60 na NCP61, ina gia boksi ya otomatiki ya kawaida yenye gia nne. IST nyingi za 2007 na kuendelea zina CVT, gia boksi ya mkanda isiyo na gia za kuhesabika. CVT si mbaya, inakwenda laini na inatumia mafuta vizuri, ila inataka mafuta yake maalumu, na mjini kwetu kuna mafundi ambao bado wanamimina ATF (mafuta ya gia boksi ya kawaida) yoyote iliyo dukani. Gari la mkononi lenye CVT umenunua pamoja na historia ya kila fundi aliyeligusa, na hakuna anayekuambia historia hiyo. Kwa bajeti yetu, gia nne za kizamani zilinipa amani.

IST tuliyoichukua tuliipata Kinondoni kwa mwalimu mstaafu. Hakuwa na dalali. Aliweka karatasi tu kwenye kioo cha nyuma, mdogo wangu akaiona akipita kwenda kwa shangazi. Tulifika saa moja asubuhi kama tulivyokubaliana.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba wanangu. Sijaligusa, kama mlivyosema. Funguo hizi hapa."

Boneti ilikuwa ya baridi. NCP60, cc 1298, namba C, rangi ya fedha yenye mikwaruzo kila kona ya bampa. Mita ilisoma kilomita zaidi ya 160,000 na ndiyo iliyonifanya nimwamini, kwa sababu hakuna anayerudisha mita kwenye namba ya kutisha hivyo. Kabla ya kuwasha, niligeuza funguo nusu na kusubiri. Taa zote za dashibodi zinatakiwa kuwaka: ya injini, ya eabegi, ya ABS, ya oili. Kisha ukiwasha injini zizimike. Taa ambayo haiwaki kabisa imeungua, au imeng'olewa au kuzibwa ili usione. Hizi ziliwaka zote, zikazimika zote. Ya eabegi niliitazama mara mbili, huyu ni mtoto wa mama yangu anayerudi usiku.

Injini iliwaka mara moja. Nilisimama nyuma, mdogo wangu akaiacha ijiwakie, kisha akakanyaga mafuta ghafla. Hakukuwa na moshi wa bluu. Injini hizi zikichoka pete za pistoni au sili za valvu zinaanza kunywa oili, na moshi wa bluu baada ya kusimama kwa dakika kadhaa ndio ushahidi. Mfuniko wa oili kwa ndani ulikuwa mweusi wa kawaida. Ungekuwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa ningeshuku maji yameingia kwenye oili. Maji ya rejeta yalikuwa ya waridi, kulanti halisi, si maji ya bomba.

Halafu tukaliingiza foleni, kwa makusudi. Wauzaji wanapenda ulijaribu gari barabara ikiwa wazi, dakika kumi, unarudi unatabasamu. Sisi tuliondoka Kinondoni saa ambayo Ubungo imejaa, AC ikiwa kwenye baridi ya mwisho, watu wanne ndani, mwalimu mwenyewe kiti cha nyuma. Nilikuwa nasikiliza vitu vichache tu. Feni inawaka na kuzima kwa zamu? Injini inashuka pumzi AC ikishika? Hewa ya AC inabaki baridi tukisimama, au inageuka vuguvugu mpaka tutembee? Gia boksi ikishapata moto ndipo inatoa siri zake, kwa hiyo tulipofika juu ya Kimara nilisimama, mguu kwenye breki, nikapeleka P, R, N, D taratibu. Kutoka N kwenda D kulikuwa na mshtuko mdogo na usukani ukatetemeka. Nikafungua boneti, nikamwambia mdogo wangu arudie, nikaona injini yenyewe inainuka upande wa kulia. Maunti imekwisha, gia boksi nzima. Hilo ni tatizo la bei ndogo linalofanana na la bei kubwa, na watu wengi wanalikimbia gari zuri kwa sababu yake.

Kwenye uwanja mmoja tulizungusha usukani mpaka mwisho na kutembea duara polepole, kulia na kushoto. CV jointi, kiungo cha ekseli kinachozungusha tairi la mbele, ikichoka inagonga ka-ka-ka kwenye duara hilo. Haikugonga. Breki ya mkono ilishika kwenye mteremko wa Bonyokwa na watu wote ndani. Chini kulikuwa na mgongano kwenye matuta, hizo ni stabilaiza linki, viungo vinavyozuia gari kulala kwenye kona. Shokapu za nyuma zilikuwa zinavuja kidogo. Matairi yalikuwa na kashata (meno) nzuri kabisa, ndipo nikasoma zile tarakimu nne za mwisho kwenye DOT, msimbo ulioandikwa ubavuni mwa tairi: 3115, yaani wiki ya 31 ya 2015. Tairi la umri huo linaonekana zima mpaka siku ya mvua.

Hayo yote nilimwonyesha mwalimu kimoja kimoja, akiwa amesimama nami, bila kulidharau gari lake. Alikuwa anauza milioni 10 na laki nane. Hatukuanza na ile "niambie bei ya mwisho". Tulipiga hesabu pamoja: matairi manne ya 185/65R15, maunti, linki mbili, shokapu mbili. Akatikisa kichwa, akasema matairi hakujua. Tukakutana kwenye milioni 9 na laki sita. Ukimwonyesha mtu kitu anachoweza kukigusa kwa mkono wake, mazungumzo ya bei yanakuwa ya heshima.

Makaratasi ni sehemu isiyo na raha lakini usiiruke. Dai kuona kadi ya gari yenyewe, si kopi; magari mengi mjini yamewekwa rehani kwa wakopeshaji na kadi iko kabatini kwao. Linganisha namba ya chesisi na ya injini zilizo kwenye kadi na zile zilizo kwenye chuma. Angalia faini za trafiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, angalia deni la maegesho, na stika ya bima ihakikiwe TIRA, mamlaka ya bima. Gari la mwalimu lilikuwa na deni la maegesho, akalilipa mbele yetu kwa simu. Mkataba tuliusaini kwa wakili, na umiliki tukaanza kuuhamisha TRA wiki hiyohiyo. Wapo watu wanaoendesha miaka kwa jina la aliyewauzia, na siku gari likipata ajali ndipo wanagundua kwamba kisheria si lao.

Fundi alibadilisha oili ya injini, mafuta ya gia boksi (aina ya T-IV, nilikwenda kuyanunua Kariakoo mwenyewe), plagi nne, filta, maunti na linki. Matairi mapya yamefungwa. Mshtuko wa N kwenda D umeisha kabisa. Taa za mbele zilikuwa na ukungu, zimesuguliwa na sasa zinamulika mpaka bega la barabara, kitu ambacho kwa mtu wa zamu ya usiku kinatangulia redio na rimu za kupendeza. Zimebaki shokapu za nyuma. Fundi anasema zinaweza kusubiri masika yaishe. Nimemwambia hapana, zifungwe Jumamosi hii, kwa sababu Mandela yenye maji si mahali pa gari linalodunda nyuma.